Nondo na saruji hadi Kigali: Kazi ya dereva wa lori la wazi na mzigo asioupakia mwenyewe

Nondo zinazosimamisha ghorofa mjini Kigali mara nyingi huwa zimesafiri mbali kabla ya kufika mikononi mwa fundi. Rwanda haina pwani, na sehemu kubwa ya bidhaa inazoagiza kutoka ng'ambo hupitia bandari ya Dar es Salaam. Kutoka bandarini hadi Kigali ni mwendo wa kilometa zipatazo 1,500 kwa barabara, katika njia inayojulikana kama Ushoroba wa Kati.

Miongoni mwa malori yanayoikata njia hiyo yapo yanayovuta matela ya wazi, yasiyo na kuta wala paa. Haya ndiyo hubeba nondo, mabomba, mabati, mbao na mifuko ya saruji, kwa sababu vifaa hivyo ni virefu au vizito kiasi kwamba ni rahisi kuvipakia na kuvishusha kwa winchi au kwa mikono kutoka kila upande. Urahisi huo wa kupakia, hata hivyo, una gharama yake barabarani. Mzigo ulio ndani ya kontena umezungukwa na kuta za chuma, ilhali mzigo wa tela la wazi unashikiliwa na minyororo, mikanda na uangalifu wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni dereva. Mara nyingi si yeye aliyeamua mzigo uwe na uzito gani, si yeye aliyeupanga, wala si yeye aliyepanga tarehe ya kuufikisha. Lakini tangu anapotoka kwenye lango la ghala, ndiye anayesimamishwa barabarani kuulizwa juu ya yote hayo.

Nyaraka kabla ya injini

Safari ya dereva wa kuvuka mipaka huanza na makaratasi. Mbali na leseni ya daraja la magari makubwa, anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotambulika, nyaraka za gari, na nyaraka za mzigo wenyewe.

Ipo pia kadi ya njano. Madereva wapya wakati mwingine huichanganya na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa rangi ni ile ile. Kadi hii ni bima ya magari chini ya mpango ulioasisiwa na nchi wanachama wa COMESA, na ulioanza kazi mwaka 1987. Tanzania imeendelea kuwamo katika mpango huo ingawa ilijitoa katika jumuiya yenyewe mwaka 2000. Kwa kadi hiyo, lori lililosajiliwa Tanzania likisababisha ajali Rwanda, madai ya aliyeumizwa hushughulikiwa huko huko bila dereva kulazimika kununua bima nyingine mpakani.

Nyaraka za mzigo hutegemea ulikotoka. Chuma kilichoshushwa melini kinahitaji tamko la forodha. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza kutekelezwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2014, ushuru wa bidhaa inayokwenda nchi mwanachama hushughulikiwa mzigo ukiwa bado katika bandari ya kwanza. Saruji au mabati yaliyotengenezwa Tanzania huhitaji cheti cha uasili, yaani uthibitisho kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya jumuiya, ili isitozwe ushuru wa forodha. Namba moja ikikosewa katika cheti hicho, anayelala mpakani ni dereva, wala si karani aliyeiandika.

Uzito: si jumla pekee

Barabara za Afrika Mashariki zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, iliyopitishwa na jumuiya ili vipimo viwe sawa katika nchi zote wanachama. Sheria hiyo haitazami uzito wa jumla peke yake. Hutazama pia uzito unaobebwa na kila kundi la ekseli.

Kwa lori la kawaida la ekseli sita, ekseli ya mbele inayoongozwa na usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli mbili za nyuma ya kichwa, zenye matairi manne kila moja, haziruhusiwi kuzidi tani 18 kwa pamoja, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla yake ni tani 50, ukihesabu lori, tela na mzigo. Lori lenye ekseli saba huishia kwenye tani 56.

Hapa ndipo upangaji wa mzigo unapokuwa suala zito. Vifaa vya ujenzi vina uzito mkubwa katika nafasi ndogo. Tani 28 za saruji ni mifuko 560 ya kilo 50, na mifuko hiyo haiwezi kulijaza tela hadi juu. Mpakiaji anaweza kuisogeza mbele au nyuma apendavyo, na macho hayaoni tofauti. Mizani huiona.

Chukua mfano wa tela ambalo umbali kati ya sehemu linapoegemea kichwa cha lori na katikati ya ekseli zake ni mita 8. Mzigo wa tani 28 ukisogezwa mbele kwa nusu mita tu, takriban tani 1.75 huhama kutoka kwenye ekseli za tela na kuelemea kichwa. Lori hilo litakuwa halijavuka kikomo cha jumla, lakini ekseli za kichwa zitakuwa zimezidi. Gari huzuiliwa, ada ya uzito uliozidi hulipwa, na mzigo hupangwa upya au kupunguzwa kabla ya safari kuendelea. Kupanga upya mifuko 560 kando ya barabara ni kazi ya vibarua, na vibarua hulipwa papo hapo. Fedha za kuwalipa zisipotumwa haraka na mwenye gari, hutoka katika posho ya dereva.

Ndiyo maana madereva wenye uzoefu hawasinzii ndani ya gari wakati wa kupakia. Husimama ghalani wakitazama mahali kila fungu linapowekwa, na huomba mzigo upimwe kabla ya kuondoka, maana baada ya lango hilo mizani ya kwanza iliyo kubwa, ile ya Vigwaza mkoani Pwani, haiko mbali.

Kufunga chuma

Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12. Tela linaloweza kubeba kontena la futi 40 lina urefu unaozidi kidogo mita 12.2, kwa hiyo nondo hulala juu yake zikiwa karibu zinagusa mwanzo na mwisho. Nondo moja ya milimita 12 yenye urefu huo ina uzito wa takriban kilo 10.7. Mzigo wa tani 28 ni zaidi ya nondo 2,600, na kila moja inaweza kuteleza peke yake.

Hatari kubwa haitokei pembeni, hutokea mbele. Lori linapofunga breki ghafla, gari husimama lakini mzigo hutaka kuendelea. Kanuni inayotumika sana katika viwango vya kimataifa vya kufunga mizigo husema kwamba vifungio viweze kuhimili nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na nusu ya uzito huo kuelekea pembeni na nyuma. Kwa tani 28, nguvu ya kuelekea mbele ni sawa na uzito wa tani 22.4. Kati ya nguvu hiyo na mgongo wa dereva kuna ukuta wa mbele wa tela, kama upo na ni imara, na bati la nyuma la kichwa cha lori.

Kwa hiyo kazi ya kufunga ina utaratibu wake. Magogo ya mbao hutangulia juu ya sakafu ya tela, kwa kuwa chuma juu ya chuma huteleza kwa urahisi, ilhali mbao hukishika. Mafungu hupangwa yakigusa ukuta wa mbele bila kuacha nafasi, hufungwa kila moja kwa waya wake, kisha minyororo hupitishwa juu ya mzigo wote na kukazwa. Chuma bapa kilichoviringishwa kama mkeka huwekewa kabari pande zote, maana kikianza kuviringika hakuna mnyororo utakaokizuia.

Baada ya mwendo mfupi wa kwanza, dereva husimama na kukaza tena. Mtikisiko wa barabara huyafanya mafungu yajikusanye na kupungua kimo, na mnyororo uliokuwa umekaza ghalani hulegea bila yeyote kuugusa.

Saruji ina adui mwingine, nao ni maji. Saruji ikilowa huanza kuganda ndani ya mfuko, na mfuko ulioganda hauuziki. Turubai lenye tundu dogo linaweza kuharibu safu nzima katika mvua ya usiku mmoja. Vumbi la saruji nalo huchoma ngozi yenye jasho na kuumiza macho, na anayefunga na kufungua turubai hilo kila ukaguzi ni dereva pamoja na msaidizi wake, maarufu kama utingo.

Mteremko wa Sekenke

Kutoka Dar es Salaam njia hupita Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni na Singida. Baada ya hapo hushuka mlima Sekenke wilayani Iramba, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huelekea Igunga, Nzega na Kahama kabla ya kufika Nyakanazi na Benaco, karibu na mpaka.

Sekenke ni mahali ambapo uzito huacha kuwa namba ya kwenye karatasi. Lori la tani 50 likiteremka, breki za upepo zikitumiwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Njia salama ni kuingia mteremkoni kwa gia ndogo tangu juu, kuiacha injini na breki yake ifanye kazi kubwa, na kukanyaga breki za magurudumu kwa vipindi vifupi. Aliyechelewa kupunguza gia anaweza kushindwa kabisa kuirudisha.

Baadhi ya madereva hufanya kinyume. Huweka gia huru na kuliacha lori liserereke, ili dizeli iliyobaki iwe faida yao. Nchini Kenya, tabia hiyo imetajwa kwa miaka mingi kuwa mojawapo ya vyanzo vya ajali katika mteremko wa Sachangwan na Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Sheria huikataza na wakufunzi huikemea, lakini mzizi wake haumo katika ujinga wa udereva pekee. Dereva anayepewa dizeli ya kupimwa, na ambaye kipato chake hutegemea kinachosalia, huwa amewekewa kishawishi hicho ndani ya tangi tangu siku ya kwanza.

Rusumo: saa hurudi nyuma, upande hubadilika

Katika mpaka wa Rusumo, mto Kagera huporomoka chini ya daraja. Kwa miongo kadhaa magari yalivuka hapo katika daraja jembamba la njia moja. Daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2016 na marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda, pamoja na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Katika kituo cha namna hiyo, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na lori husimama mara moja badala ya mara mbili.

Akishavuka, dereva hukutana na mabadiliko kadhaa kwa wakati mmoja. Saa hurudi nyuma kwa saa moja. Shilingi huachia nafasi faranga. Kiswahili humsaidia bado, kwani Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Lakini badiliko la hatari zaidi ni la barabara yenyewe. Tanzania huendesha upande wa kushoto, Rwanda upande wa kulia.

Lori lililotengenezwa kwa ajili ya Tanzania lina usukani kulia. Upande wa pili wa daraja, dereva huyo hujikuta ameketi karibu na ukingo wa barabara, mbali na mstari wa katikati. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka kichwa cha lori kiwe kimeshachungulia katika njia ya wengine. Hapo jicho la utingo huwa na thamani kuliko kioo chochote. Kilometa zipatazo 160 zinazobaki hadi Kigali ni za milima na kona, na wenye busara hukubali kwenda taratibu nyuma ya gari lingine kuliko kubahatisha.

Rusumo imekuwa pia kipimo cha jinsi kazi hii inavyoweza kusimama kwa siku moja. Mwaka 2020, wakati wa janga la virusi vya korona, Rwanda iliagiza madereva kutoka Tanzania waishie mpakani na kukabidhi magari yao kwa madereva wengine. Hatua hiyo ilizua malalamiko, misururu mirefu na mazungumzo kati ya serikali hizo mbili. Mwezi Mei mwaka huo huo, Zambia nayo iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, upande wa pili wa Tunduma. Sababu za kiafya zilieleweka, lakini waliolala chini ya matela kwa siku nyingi walikuwa wale wale waliokuwa wakihitajika ili maduka na maeneo ya ujenzi yasikose bidhaa.

Nani hulipa muda wa kusubiri

Kipato cha dereva wa masafa marefu aghalabu huwa na sehemu mbili: mshahara, na posho ya safari inayokadiriwa kwa kila safari. Posho hiyo ndiyo hununua chakula, maegesho na dharura ndogo za njiani. Ikiwa imekadiriwa kwa siku sita na safari ikachukua kumi kwa sababu ya cheti kilichokosewa au foleni ya kushusha mzigo, siku nne za ziada humwangukia mwenye kukaa ndani ya gari. Safari zikipungua kwa mwezi, posho nazo hupungua.

Njia ya Rwanda ina ugumu mwingine. Malori yanayokwenda Zambia na kusini mwa Kongo mara nyingi hurudi na shaba, ambayo hubebwa vizuri na tela la wazi. Kutoka Kigali mzigo wa kurudi ni mchache, na lori likirudi tupu, mwenye mali huitafuta faida yake yote katika mzigo wa kwenda. Shinikizo la kupakia zaidi na kufika mapema huanzia hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mkataba wa mfanyakazi atakayefanya kazi ndani au nje ya nchi uwe wa maandishi. Inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, ikiwa ni pamoja na saa za ziada, na inampa haki ya mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, isipokuwa kama kuna makubaliano ya maandishi ya kuyapunguza. Kenya, kwa upande wake, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24.

Utekelezaji ndio umekuwa tatizo. Mwezi Aprili na Mei mwaka 2015, madereva wa mabasi na malori nchini Tanzania waligoma, na miongoni mwa madai yao lilikuwamo hilo la mikataba ya ajira. Mkataba wa maandishi una maana ya pekee kwa dereva anayevuka mpaka: akiumia Kayonza au akizuiliwa Rusumo, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha mwajiri wake ni nani na anawajibika kwa lipi.

Reli na kesho ya barabara

Mjadala juu ya mustakabali wa kazi hii mara nyingi huishia kwenye reli. Tayari mizigo mingine ya Rwanda husafirishwa kwa reli ya zamani hadi bandari kavu ya Isaka mkoani Shinyanga, kisha hupandishwa kwenye malori. Reli mpya ya kisasa ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mipango ni kuifikisha Isaka na baadaye Kigali.

Reli ikifika, itafupisha safari ya lori lakini haitaliondoa barabarani. Treni haifiki kwenye uwanja wa ujenzi. Kutoka stesheni hadi mahali nguzo inapomwagwa zege, nondo ya mita 12 itaendelea kuhitaji tela la wazi, minyororo, na mtu wa kuikaza.

Safari huhitimishwa pale mpokeaji anapohesabu mafungu na kutia saini hati ya kupokea mzigo. Mfuko ukikosekana au ukiwa umeganda, huandikwa kwenye karatasi ile ile, na katika kampuni nyingi mtu wa kwanza kutakiwa maelezo ni dereva. Hiyo ndiyo sababu wenye kuijua kazi hii hawasaini karatasi ya kupakia kabla hawajahesabu wenyewe, hata kama foleni nyuma yao inapiga honi.